Kuasi si Kuacha: Aleister Crowley na Dini ya Utoto Wake

Miongoni mwa vitabu ambavyo wanafunzi wetu wa fasihi husoma pasipo kuagizwa na mwalimu, vipo vinavyosimulia habari za watu waliotoka katika dini ya wazazi wao wakajitafutia njia katika elimu za siri. Vitabu hivyo hupitishwa mkono kwa mkono, aghalabu katika nakala za fotokopi zilizokwisha kufifia, na husomwa kwa namna mbili: ama kwa hofu, ama kwa tamaa. Namna ya tatu, yaani kuvisoma kama maandishi, kwa kuuliza vimetungwa vipi na vinadai nini, haijapewa nafasi ya kutosha. Makala haya yanaijaribu namna hiyo ya tatu kwa kitabu kimoja, tawasifu ya Mwingereza Aleister Crowley (1875-1947) iitwayo The Confessions. Majuzuu mawili ya kwanza yalitolewa mjini London mwaka wa 1929. Maandishi marefu zaidi yalitoka katika juzuu moja mwaka wa 1969, kwa uhariri wa John Symonds na Kenneth Grant.

Msomaji atauliza jambo hili linayahusu vipi masomo ya Kiswahili. Linayahusu kwa sababu mbili. Kwanza, dini aliyolelewa nayo Crowley si ngeni Katanga: tawi lake jingine lilihubiriwa Bunkeya, katika mji wa Msiri, tangu mwaka wa 1886. Pili, yeyote anayejaribu kusimulia maisha haya kwa Kiswahili hukwama kwenye kitenzi cha kwanza. Je, Crowley aliacha dini? Aliihama? Aliikana? Aliritadi? Aliasi? Lugha hututaka tuchague, na tukichagua tumekwisha kuanza uhakiki. Hoja yetu ni kwamba Crowley aliasi, hakuacha, na kwamba uzuri wa kitabu chake na udhaifu wake vyote viwili vinatoka hapo.

Kwanza dini yenyewe. Ndugu wa Plymouth walianza Dublin karibu na mwaka wa 1830, wakapata jina lao kutokana na mji wa Plymouth ulioko kusini-magharibi mwa Uingereza. Hawakuwa na mapadre wala wachungaji wenye daraja. Walikutana kila Jumapili kuumega mkate, na mwanamume yeyote aliyejisikia kuongozwa na Roho aliweza kusimama na kusema. Mamlaka yao yote yalikuwa Biblia, neno kwa neno. Mwaka wa 1848 waligawanyika. Upande mmoja walibaki wale walioitwa wa wazi, waliokuwa tayari kumkaribisha mezani Mkristo wa kundi lingine; upande wa pili walikuwa wale wa kujitenga, waliomfuata John Nelson Darby na kukataa kuumega mkate pamoja na watu wasio wa ushirika wao. Baba yake Crowley alikuwa wa kujitenga. Frederick Stanley Arnot, aliyewasili Bunkeya tarehe 14 Februari 1886, alikuwa wa upande wa wazi, na vivyo hivyo Dan Crawford, aliyefika mwaka wa 1890, akahamia baadaye Luanza kando ya ziwa Mweru, akatafsiri Biblia katika Kiluba-Sanga, akafia huko mwaka wa 1926. Tofauti hiyo si ndogo, na wazee wa Garenganze wangetukemea kama tungewatia wote katika kapu moja. Hata hivyo shina ni moja. Arnot alipokuwa akiwasomea watu wa Msiri Injili, mtoto wa miaka kumi huko Uingereza alikuwa akisoma Kitabu kilekile, kwa imani ileile kwamba hakuna neno lililomo humo kwa bahati tu.

Baba wa mtoto huyo, Edward Crowley, alirithi mali ya ukoo uliotajirika kwa kutengeneza na kuuza pombe. Aliiacha kazi hiyo kabla mwanawe hajazaliwa, akawa mhubiri wa kuzunguka. (Hapa pana kichekesho ambacho mwandishi hakukikosa: fedha ya pombe ililisha mahubiri ya baba, na sehemu iliyobaki, mwana alipoirithi katika umri wa miaka 21, ikalisha elimu za siri.) Nyumbani, kila siku baada ya chakula cha asubuhi, Biblia ilisomwa kwa zamu. Sura za utoto zinatuonyesha mtoto mcha Mungu, mwenye kumpenda baba yake kupita kiasi, ambaye kabla ya kuasi lolote alikuwa amekwisha kuvutwa na kurasa fulani kuliko nyingine: joka, nabii wa uongo, mnyama na mwanamke mwekundu wa kitabu cha Ufunuo. Aliwapenda kama mtoto anavyolipenda zimwi katika hadithi, na bado aliamini kila neno.

Mwaka wa 1886 Edward Crowley alipatwa na saratani ya ulimi. Ndugu walikutana, wakasali, na matokeo ya sala yakawa kwamba mgonjwa asipasuliwe, atumie badala yake tiba ya matone iliyokuwa ikitangazwa siku zile. Alikufa tarehe 5 Machi 1887. Mhubiri alikufa kwa ugonjwa wa ulimi. Mwanawe alikuwa na umri wa miaka 11.

Ni hapa ambapo kitabu kinafanya jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo bora kuliko yote yaliyomo. Mpaka kifo cha baba, Crowley anajisimulia katika nafsi ya tatu. Anasema juu ya "mtoto" fulani, alifanya hiki, alisema kile. Baada ya maziko anabadili, anaanza kusema "mimi", naye anaeleza kwamba yaliyotangulia huyakumbuka kama mambo ya mtu mwingine. Msomaji wa Kiingereza au wa Kifaransa huliona badiliko hilo mara moja, kwa sababu kiwakilishi husimama peke yake mbele ya kitenzi. Katika Kiswahili nafsi imefichwa ndani ya kitenzi chenyewe: alikwenda, nilikwenda. Silabi moja tu inabadilika, na mtoto anakuwa mtu. Mtafsiri anaweza kuvuka mpaka huo bila kelele yoyote, na pengine angefanya vema zaidi kuliko mwandishi, ambaye hakuweza kujizuia kutueleza maana ya alichofanya.

Lakini kuna la zaidi. Katika mapokeo yetu hadithi husimuliwa kwa nafsi ya tatu. Hapo kale paliondokea mtu, naye akafanya hivi na vile. Nafsi ya kwanza, yenye kusimama mbele ya watu na kusema "nilikuwa hivi, sasa ni hivi", tumeizoea mahali pengine: katika ushuhuda wa makanisa. Anayehudhuria ibada za uamsho Lubumbashi au Bukavu anaijua mipango yake kwa moyo. Nilizaliwa katika giza. Nilifanya mabaya, ambayo nitayahesabu moja moja. Kisha saa fulani, siku fulani, nikakutana na Nguvu. Tazameni nilivyo leo. Crowley anatoka katika hadithi na kuingia katika ushuhuda kwenye kaburi la baba yake, wala hatoki tena humo hata ukurasa wa mwisho. Yaliyogeuzwa ni majina tu: giza ni kanisa, na nuru ni elimu ya siri. Mwandishi mwenyewe alikiita kitabu chake, kwa mzaha nusu, maisha ya mtakatifu yaliyoandikwa na mtakatifu mwenyewe. Tunashauri mzaha huo uchukuliwe kwa uzito.

Baada ya baba kuondoka walibaki mama na mjomba. Mjomba huyo, Tom Bond Bishop, ni mtu wa historia: pamoja na Josiah Spiers alianzisha mwaka wa 1867 utume wa kuwahubiria watoto, ambao kutoka humo ulikua umoja wa kusoma Biblia uliofika hata kwetu kwa jina la Kifaransa la Ligue pour la lecture de la Bible. Mpwa wake anamchora kwa chuki isiyo na kipimo, hata msomaji anaanza kumwonea huruma mjomba. Kwa watu wa ukoo wa mama, kama Wabemba na Walamba wa kusini mwa Katanga, mamlaka ya mjomba juu ya mpwa ni jambo la kawaida. Kwa Crowley ni unyang'anyi. Ameporwa baba, akaletewa mtu asiye na haki ya kiti kile. Hiyo ni sehemu mojawapo ambapo msomaji wa kwetu analiona jambo ambalo huenda msomaji wa London asilione: ugomvi huu wa dini ni pia ugomvi wa urithi, juu ya nani anayeruhusiwa kusema kwa sauti ya marehemu.

Mama ndiye aliyempa jina. Mtoto alipoanza kukaidi, mama alimwita Mnyama, yaani yule wa sura ya 13 ya Ufunuo, mwenye hesabu ya mia sita sitini na sita. Hapa mtafsiri ajihadhari. "Mnyama" katika Kiswahili ni neno la kila siku, na katika Kiswahili cha Lubumbashi "nyama" ni kiumbe wa porini na ni kitoweo pia. Mama wa kwetu akimwambia mwanawe "we nyama!" amemtukana kwamba hana adabu, basi. Hajamtia katika Maandiko. Mama yake Crowley alimtia katika Maandiko. Aliyesomeshwa kwamba kila neno la Kitabu ni kweli, na kwamba mwisho wa dunia uko karibu mno, aliambiwa na mzazi wake mahali pake ndani ya Kitabu hicho. Naye akapakubali. Miaka mingi baadaye alijitambulisha kwa Kigiriki kama Mnyama Mkuu na kuitia namba hiyo katika sahihi zake.

Tungependa kukaa kidogo hapa, kwa kuwa jambo hili linagusa mateso yaliyo karibu nasi. Filip De Boeck, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 2004 pamoja na Marie-Françoise Plissart juu ya Kinshasa, ameandika kwa kirefu kuhusu watoto wanaotuhumiwa uchawi na watu wa nyumbani mwao. Wengi wa watoto hao, wakisha kuitwa hivyo na mama wa kambo, shangazi au mhubiri, hukiri. Hutoa hata habari ndefu za safari za usiku na karamu za nyama. Jina linalotolewa na mwenye kumlea mtoto lina nguvu ya kumjenga mtoto upya kwa mfano wake. Mwenye kusoma sura za utoto za Crowley baada ya kumsoma De Boeck hawezi tena kucheka kwa wepesi yule Mnyama wa Leamington. Tofauti, hata hivyo, ni kubwa kuliko ufanano. Mtoto wa Kiingereza alikuwa na urithi uliomngojea benki; jina baya aliligeuza kuwa cheo. Mtoto wa Kinshasa hana pa kulipeleka jina lake isipokuwa barabarani. Sheria yetu nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto imekataza tuhuma hizo, na hatuna haja ya kuwaeleza wasomaji wa jarida hili ni umbali gani uliopo kati ya karatasi na uwanja.

Njia yenyewe tunaweza kuipita upesi zaidi, kwani inasimuliwa kila mahali. Crowley aliingia Trinity College, Cambridge, mwaka wa 1895, akaondoka mwaka wa 1898 bila shahada. Mwishoni mwa 1896, akiwa Stockholm, alipata kile alichokieleza kuwa mwamko wa ndani. Alisoma kitabu cha A. E. Waite, akamwandikia, naye Waite akamwelekeza kwenye maandishi ya Karl von Eckartshausen juu ya kanisa la siri la watakatifu wasioonekana. Tarehe 18 Novemba 1898 aliingizwa London katika chama cha Golden Dawn, kilichoanzishwa mwaka wa 1888, ambacho mshairi W. B. Yeats naye alikuwa mwanachama wake. Mwaka wa 1904 alikuwa Cairo pamoja na Rose Kelly, mkewe. Rose alimpeleka kwenye jumba la makumbusho, akamwonyesha jiwe la kale la mazishi. Namba ya jiwe hilo katika orodha ya vitu ilikuwa 666. Tarehe 8, 9 na 10 Aprili, kila siku kwa muda wa saa moja tangu adhuhuri, Crowley aliketi chumbani akaandika maneno ambayo, kwa madai yake, aliyasikia kutoka kwa sauti ya kiumbe aitwaye Aiwass. Hicho ndicho Kitabu cha Sheria, msingi wa dini yake mpya aliyoiita Thelema, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya "mapenzi" au "nia". Wanafunzi wa fasihi ya Kifaransa watakumbuka kwamba abasia yenye jina hilo na kanuni yake ya kila mtu kufuata nia yake ilikuwamo tayari katika Rabelais, karne ya 16.

Sasa tuyatazame mambo hayo kwa jicho la mhakiki. Mtu anatoka katika dini ya Kitabu kisichoguswa. Anakwenda mbali: Uswidi, Uskoti, Meksiko, Ceylon, Misri. Mwisho wa safari yake ni Kitabu kisichoguswa, kinachokataza kubadili hata umbo la herufi. Anatoka katika kundi la wateule wachache wanaojitenga na dunia iliyopotea. Anaanzisha kundi la wateule wachache. Anatoka kwa watu wanaohesabu siku za mwisho. Anatangaza kwamba enzi moja ya dunia imekoma mwaka wa 1904 na nyingine imeanza. Namba ya orodha ya makumbusho, ambayo kwa mtu mwingine ingekuwa namba tu, kwake ilikuwa ushahidi, kwa kuwa alifundishwa tangu utotoni kwamba namba za Ufunuo zinamtafuta mtu duniani. Neno "kuasi" ndilo lenye haki hapa. Mtu huasi mfalme au sheria. Hawezi kuasi kisichomtawala. Anayeacha nyumba huenda akajenga kwa udongo mwingine. Crowley alijenga kwa matofali yaleyale, akageuza mlango tu.

Tusimdhulumu. Lipo jambo moja ambalo halikutoka kwa Darby wala kwa mama. Mwaka wa 1901, huko Ceylon, alijifunza yoga pamoja na rafiki yake Allan Bennett, na tangu wakati huo alidai kwamba kila zoezi la roho liandikwe katika daftari: siku, saa, muda, hali ya mwili, matokeo. Jarida lake The Equinox, lililoanza mwaka wa 1909, lilitaka shabaha ya dini ifuatwe kwa utaratibu wa sayansi. Ndugu wa Plymouth hawakuandika daftari kama hilo, walishuhudia tu. Kurasa za tawasifu zinazofuata mtindo wa daftari ni kavu, nyepesi, na za kuaminika kuliko nyingine zote, na mtu anajiuliza kitabu hiki kingekuwaje kama daftari lingeushinda ushuhuda.

Halikuushinda. Ili kuona ni kiasi gani, hebu tumweke Crowley kando ya Edmund Gosse, ambaye kitabu chake Father and Son kilitoka mwaka wa 1907, kwanza bila jina la mwandishi. Gosse alizaliwa mwaka wa 1849 katika dini hiyohiyo ya Ndugu. Baba yake, Philip Henry Gosse, alikuwa mtaalamu wa viumbe wa baharini, na mwaka wa 1857 alichapisha kitabu cha kujaribu kupatanisha visukuku vya miambani na kitabu cha Mwanzo. Mama wa Edmund alikufa kwa saratani mwaka huohuo. Mambo ya nje, basi, yanakaribiana sana: mtoto wa pekee, Biblia kila siku, mzazi aliyekufa mapema, dunia iliyofungiwa nje ya dirisha. Lakini Gosse aliondoka kwa upole, akaenda London, akafanya kazi katika maktaba ya British Museum, akawa mtu wa fasihi. Katika kitabu chake baba hasemwi tu, anasema pia. Mwishoni mwandishi anamwachia nafasi kubwa kwa kuiweka barua yake humo. Msomaji anamfunga kitabuni mzee yule akiwa hajakubaliana naye hata kidogo, na bado anamheshimu. Gosse aliacha. Kwa sababu aliacha, aliweza kuangalia nyuma.

Crowley hawezi kuangalia nyuma bila kupiga. Na ubaya mkubwa wa kitabu chake, ambao sisi tunauona kuwa mzito kuliko kashfa zote zilizojaza magazeti, ni huu: anasema sana kama mwana, na karibu hasemi kitu kama baba. Binti yake wa kwanza alikufa Rangoon mwaka wa 1906, akiwa hajatimiza miaka miwili. Mtu aliyetumia kurasa na kurasa kueleza jinsi imani ya watu wazima ilivyoamua tiba ya baba yake, anamtwisha mkewe lawama za kifo cha mtoto na kuendelea na safari. Binti mwingine alikufa mwaka wa 1920 kisiwani Sicily, alipokuwa ameanzisha nyumba ya wafuasi wake huko Cefalù; na hapo Cefalù, Februari 1923, alikufa pia kijana Raoul Loveday aliyekuja kujifunza kwake. Serikali ya Mussolini ilimfukuza mwaka huohuo. Wanaoiita hii njia ya mtu binafsi wahesabu ni watu wangapi waliotembezwa humo pasipo kuulizwa. Mwasi hubaki mwana siku zote. Kiti cha baba anakitazama kutoka chini hata akiwa amekikalia.

Linabaki suala la istilahi, ambalo kwa jarida hili si dogo. Tuziite nini kazi za Crowley kwa Kiswahili? Mwenyewe aliongeza herufi moja, k, mwishoni mwa neno la Kiingereza ili kuitenga elimu yake na michezo ya jukwaani. Kiswahili hakihitaji herufi ya nyongeza: mchezo wa jukwaani una jina lake la zamani, mazingaombwe au kiinimacho, na hauchanganywi na kitu kingine. Ugumu wetu uko upande wa pili. Tukisema "uchawi" au "ulozi" tumekwisha kuhukumu, kwa kuwa maneno hayo hayana maana isiyo na madhara. Mchawi mwema hayupo katika lugha hii. "Sihiri" humfikia msomaji Mwislamu ikiwa imebeba katazo lake. "Uganga" unaonekana kufaa, na wengi huukimbilia, lakini mganga ana mgonjwa. Huitwa, hupewa mkoba na aliyemtangulia, na watu wa mtaa hujua anawatibu nini. Crowley hakuwa na mgonjwa isipokuwa nafsi yake. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka wa 1937 juu ya Wazande, ambao wengi wao ni wananchi wenzetu wa kaskazini, alionyesha jinsi lugha moja inavyoweza kutenga kwa makini nguvu iliyomo mwilini mwa mtu na dawa anazozitumia kwa kukusudia. Kiswahili hakitengi hivyo, na hatuwezi kukilazimisha. Kulichukua neno la Kifaransa na kuliandika kwa sauti zetu haiwezekani pia, kwa maana msomaji atadhani tunazungumzia maji.

Kwa sasa tunapendekeza "elimu ya siri", hali tukijua kasoro yake. Katika miji yetu "siri" hunuka chama cha wakubwa, mali iliyopatikana ghafla, ndugu aliyetolewa. Lakini angalau neno hilo linaacha mlango wazi kwa msomaji kuuliza siri ya nani, na kwa faida ya nani. "Uchawi" na "mchawi" viwekwe pale tu wanaposema wengine: mama, mjomba, na gazeti la John Bull, ambalo mwaka wa 1923 lilimwita mtu mwovu kuliko wote duniani. Mtafsiri akiyatumia maneno hayo katika sauti ya msimulizi mwenyewe, atakuwa amemrudia mama yule mlangoni, akimpa mtoto jina kwa mara ya pili.

Crowley alikufa Hastings tarehe 1 Desemba 1947. Siku nne baadaye waliomfuata walikusanyika Brighton, mahali pa kuchomea maiti. Hapakuwa na padre wala mchungaji. Rafiki yake Louis Wilkinson alisimama mbele yao akasoma kwa sauti kutoka katika vitabu vya marehemu, pamoja na Kitabu cha Sheria, na madiwani wa mji waliposikia habari hizo wakakasirika wakaahidi kwamba jambo la namna hiyo halitatokea tena.